Tumbo Hakuligusa

"Tumbo hakuligusa." Maneno hayo niliyasikia kwa mama mkwe, kwa mzee wa nyumba kumi, kwa askari aliyekuwa kwenye dawati siku niliyokwenda kupiga ripoti, na kwa mume wangu mwenyewe, tena akiyasema kama mtu anayenidai shukrani. Kofi la shavuni, mkono uliosokotwa, nywele zilizovutwa, yote yalihesabiwa kuwa mambo ya mke na mume mradi tumbo limesalimika. Mama yangu alipopiga simu kutoka Kakamega na kuisikia sauti yangu, nami nilimjibu hivyo hivyo: mama, usijali, tumbo hajaligusa.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 32 akiwa na gramu 1,350. Nitaeleza kipigo kilivyomfikia humo ndani alimokuwa, kwa sababu wengi tunadhani njia ni moja tu, ngumi ya tumbo, na njia hiyo ikifungwa mtoto yuko salama.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kaptembwo, hapa Nakuru, kwenye ploti ya mabati yenye milango inayotazamana, choo na mfereji vikiwa vya wote. Mume wangu dereva wa matatu, mimi nauza githeri na maharagwe ya kuchemsha kando ya barabara. Kabla ya mimba alikuwa na mdomo mkali, lakini mkono wake haukuwahi kuinuka. Uliinuka mimba ilipofika mwezi wa tatu. Sista mmoja aliniambia baadaye kwamba si ajabu, ziko nyumba ambamo mimba ndiyo inayoanzisha na ziko ambamo inazidisha yaliyokuwepo. Sababu zake sitazichambua hapa. Nimezichambua usiku mwingi bila faida. Leo ilikuwa pesa, kesho wivu, keshokutwa chumvi kwenye mchuzi.

Mtoto aliumia kwanza kwa kukosa kliniki. Mama mjamzito anatakiwa aonekane kabla ya wiki 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema aonane na wahudumu angalau mara nane hadi kujifungua. Mimi nilifika kliniki mtoto ameshaanza kucheza tumboni. Si kwamba sikujua. Nilikuwa nasubiri alama ya shavuni ififie, na kabla haijafifia nyingine inajitokeza mkononi. Unaendaje mbele ya watu waliovaa nguo nyeupe, ambao kazi yao ni kukutazama mwili? Isitoshe, pesa za githeri alikuwa akizikusanya jioni, na nauli ya kliniki ilibidi niiombe kwa sababu, kwa maelezo na kwa heshima.

Nilipofika wakanipima damu wakakuta iko chini. Wakanipa vidonge vya madini ya chuma na foliki ambavyo ningekuwa nimevianza miezi mingi nyuma. Mama aliyepungukiwa na damu hana akiba. Akitokwa na damu wakati wa kujifungua, kiasi ambacho mwenzake angekihimili ndicho kinachomwangusha, na mtoto wake yuko katika hatari ya kuzaliwa mapema au akiwa mdogo. Siku hiyo mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi, kwa hiyo sista alipouliza kama nyumbani kuko sawa, nilisema kuko sawa kabisa.

Halafu kuna hofu yenyewe. Hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuhesabu vipigo na siyo siku zilizo katikati. Matatu yake ilikuwa ikipaki usiku. Nilijua kwa mlio wa geti amerudi na hali gani: likisukumwa polepole, kuna amani, likibamizwa, naanza kutafuta mahali pa kusimama. Kuanzia saa mbili sikuweza kula. Kuanzia saa tatu moyo ulikuwa unadunda mpaka nausikia masikioni. Ikiwa amerudi na amani, usingizi bado haukuja, maana mwili ulikwisha kujiandaa.

Mwili wenye hofu hauna habari kwamba ngumi bado haijatua. Unamwaga homoni za hatari, mishipa ya damu inabana, presha inapanda, damu inapelekwa kwenye mikono na miguu ili mtu akimbie au apigane. Tumbo la uzazi si mkono wala mguu. Hofu ya mara moja hupita na mtoto hana neno, lakini ikiwa ni ya kila jioni, mwezi baada ya mwezi, inahusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake na kuzaliwa na uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500. Hapo ongeza chakula nilichokuwa nakiacha kwenye sahani na usingizi wa vipande vipande, hata kabla hatujaja kwenye kupigwa.

Mama mkwe alikuwa na dawa yake: vumilia, akimwona mtoto atabadilika. Sina chuki naye. Aliolewa hivyo, akazaa hivyo, akawazika wawili wachanga na kuambiwa ni mapenzi ya Mungu. Lakini sijui ni nani aliyewapa watoto wachanga kazi ya kurekebisha wanaume wazima.

Usiku wenyewe mume wangu hakunipiga hata kofi. Alinisukuma. Nilikuwa nimesimama kati ya kitanda na meza ya jiko la gesi, na chumba cha ploti hakina nafasi ya mtu kuanguka vizuri. Niliangukia nyonga, mgongo ukagonga ukingo wa kitanda. Akalitazama tumbo, akaniambia niinuke, akalala. Nilijikagua kwa tochi ya simu, hakuna damu. Nikashukuru Mungu, nikalala upande.

Alfajiri tumbo lilikuwa limekaza na halilegei. Uchungu wa uzazi huja ukaondoka, ukakupa nafasi ya kupumua. Huu ulikaa palepale. Na mtoto, ambaye desturi yake ilikuwa kucheza kila ninapokunywa chai ya asubuhi, chai ilipita na hakucheza. Nikanywa kikombe kingine, kimya. Bado sikuona damu.

Aliyenipeleka hospitali ni jirani wa mlango wa tatu, mama mtu mzima anayeuza omena. Hakuniuliza kilichotokea. Mabati hayafichi kitu. Alichukua leso yake, kijitabu changu cha kliniki na simu yangu, akasimamisha tuktuk, akamwambia dereva apite pasipo na matuta. Pasipo na matuta Kaptembwo! Dereva alicheka, kisha akaniona, akaacha kucheka.

Walinipaka mafuta baridi tumboni, wakaweka mashine, na daktari kijana akanyamaza kwa muda nisioupenda. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga polepole. Akanieleza wakati wengine wanakimbia kuandaa thieta: kondo la nyuma limeanza kubanduka. Tumbo la uzazi ni msuli, unavutika na kurudi, kondo halivutiki. Mtu akianguka au akisukumwa kwa nguvu, ule msuli unatikisika na kunyumbuka, kondo linashindwa kuufuata, kisha linaachia, kama plasta inavyoachia ukuta nyumba ikitikiswa. Sehemu iliyoachia haimpi mtoto hewa tena wala chakula. Na damu inaweza kujikusanya nyuma ya kondo bila tone moja kutoka nje.

"Alikugonga tumboni?" akaniuliza. Nikasema nilianguka chooni. Akasema hata ukianguka kwa makalio, mtikisiko unatosha.

Sentensi hiyo imenikaa kuliko zote nilizoambiwa mwaka ule. Laiti ningeisikia mwezi wa tatu wa mimba, nisingejipima kwa tochi. Mjamzito aliyepigwa, aliyesukumwa, aliyeanguka ngazi au aliyepata ajali ya boda boda anatakiwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama haumwi, ili moyo wa mtoto usikilizwe kwa saa kadhaa, kwa kuwa kondo linaweza kuanza kuachia baadaye, hata siku inayofuata. Damu ukeni, maji kutoka, tumbo kukaza bila kulegea, maumivu yasiyopoa, kizunguzungu, mtoto kupunguza kucheza: lolote kati ya hayo halingoji kupambazuke. Na kama kundi lako la damu ni hasi, O hasi au lolote lile, liseme mlangoni. Damu ya mtoto ikichanganyika na yako kwa sababu ya pigo, mwili wako unaweza kutengeneza askari wa kuishambulia mimba nyingine ijayo, na iko sindano ya kuzuia hilo inayotakiwa kuchomwa ndani ya saa 72. Kundi lako limeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki. Ndiyo maana jirani yangu alikichukua kabla ya kuchukua hata viatu vyangu.

Kwa mimba za wiki kama zangu kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, anachomwa mama kabla ya kujifungua. Lakini inahitaji saa nyingi ili ifanye kazi yake, na sisi saa hizo hatukuwa nazo. Nilipasuliwa.

Sikumwona mwanangu mpaka siku ya pili. Waliniweka kwenye kiti cha magurudumu, wakanisukuma hadi nasari ya watoto njiti, chumba chenye joto la kukutoa jasho wakati nje ni ile baridi ya asubuhi ya Nakuru. Alikuwa ndani ya inkubeta, ngozi nyekundu inayopitisha mwanga, nepi ndogo ikimfika kwapani, mpira mwembamba umepita puani hadi tumboni. Daktari wa watoto alinitajia gramu zake, kisha akaongeza kwamba hata kwa mtoto wa wiki 32 huyu ni mdogo, maana yake alikuwa hakui vizuri tangu zamani, siyo tangu jana. Nilimuuliza ni nini kilichomzuia kukua. Alikuwa mtu wa kweli, hakunipa jibu moja. Alisema damu kidogo ni sababu, lishe ni sababu, presha ni sababu, msongo ni sababu, na hakuna mashine ya kupima kila moja ilichukua gramu ngapi. Pia wako akina mama wanaopigwa na wakazaa watoto wa kilo tatu. Nimewaona, na waume zao huwatumia kama ushahidi.

Mtoto wa wiki hizo hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Ujuzi huo huja karibu na wiki ya 34. Kwa hiyo nilikuwa nakamua maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Unaosha mikono, unakamua kwenye kikombe, sista anachomoa kile kijiti cha bomba la sindano, analiunganisha bomba tupu na mpira wa mtoto, unamimina maziwa juu na kulishika bomba limesimama. Halisukumwi. Unainua mkono kidogo, maziwa yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Ukiinua sana yanaenda haraka na mtoto anatapika. Nilijifunza kimo cha mkono kwa kutazama uso wake. Mililita chache tu, zinazojaa kwenye kijiko, na zilimchukua muda mrefu kuliko mtu mzima kumaliza sahani ya ugali.

Siku ambazo mume wangu alikuja kuketi kwenye korido, maziwa hayakutoka. Nilidhani ni chakula cha hospitali. Sista wa zamu ya usiku ndiye aliyegundua mpangilio wake. Maziwa hutengenezwa yakawa tayari, lakini ili yashuke inabidi homoni nyingine iyaachilie, na hofu huizuia. Aliniambia nikamulie ndani, karibu na inkubeta, mlango ukiwa umefungwa. Yakashuka.

Mtoto alipata manjano akawekwa chini ya taa ya bluu akiwa amefungwa macho. Alikuwa akisahau kupumua, ndivyo walivyosema, anasahau, na mashine inalia, na sista anamgusa wayo anakumbuka. Kwa hilo alipewa dawa ya kafeini, ileile iliyomo kwenye kahawa, kwa vipimo vya mtoto. Alipotulia wakanipa mwenyewe: kifuani, ngozi kwa ngozi, yeye na nepi na kofia na soksi tu, leso imetufunga wote wawili. Wanaiita kangaruu. Joto la mama humfanya njiti apumue kwa utulivu, aongeze uzito na asishambuliwe na maambukizi kirahisi, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema kadiri inavyowezekana, isisubiri mtoto atulie kwanza. Nilikaa naye hivyo nikitembea, nikila, nikilala nimeegemea mito.

Ni katika kangaruu ndipo yule sista wa usiku aliponiuliza tena. Hakuniuliza kama nyumbani kuko sawa. Alivuta kiti na kuuliza: "Mama, ni nani aliyekusukuma?" Akasema wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unamficha nani? Nilicheka kwanza mpaka mshono ukauma, kisha nikamwambia.

Nashauri wahudumu wajifunze namna hii ya kuuliza. Mumtoe mwanamume nje kwanza, hata kama ni kwa kumtuma apeleke kadi kwenye dirisha la malipo. Msiulize mkiwa mnaandika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Kwenye benchi la kliniki lenye akina mama tisa, watatu wanajua ninachosema, na wote watatu watasema walianguka chooni.

Sista huyo alinielekeza vitu vya kufanya, na kila kimoja kilikuwa na mlango wake na mtu wake wa kukatisha tamaa. Fomu ya P3 hutolewa bure kituo cha polisi. Mhudumu wa afya huijaza akiandika majeraha aliyoyaona. Huyo askari wa dawati aliposema yale ya tumbo, jirani yangu wa omena, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, alimjibu kwamba mtoto yuko nasari na aende akamweleze yeye. Tukapewa fomu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251, kinachohusu shambulio la kuleta madhara mwilini, haichagui kiungo. Na iko Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 ambayo wengi hatuijui: unaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani, mtu mwingine anaweza kukuombea ikiwa huwezi, na hakimu ana uwezo wa kutoa amri ya muda kabla mshtakiwa hajafika, pia kumzuia asikanyage mahali unapoishi. Kunyimwa pesa na kufuatwafuatwa nako kumo humo, siyo kupigwa tu. Simu ya msaada ni 1195, haitozwi.

Wengine watasema nilivunja nyumba. Mzee wa kanisa alinijia na Biblia na soda.

Kwa mtoto, mambo hayakuisha tulipotoka nasari. Alikuwa akishtuka kwa kila mlango. Mimi mwenyewe kuna miezi nilimlisha na kumwogesha bila kuhisi kitu, nikidhani ni uchovu wa upasuaji, hadi kliniki waliponiambia huzuni hiyo ina jina na ina matibabu, na kwamba inawapata zaidi akina mama waliopitia kipigo. Alikaa akiwa amechelewa, akatembea akiwa amechelewa. Kwa njiti unahesabu umri kuanzia siku aliyostahili kuzaliwa, siyo siku aliyozaliwa, na ukihesabu hivyo hakuwa nyuma sana. Macho na masikio yake yalipimwa mara kadhaa. Sasa yuko shule ya chekechea, mwembamba, mbishi, hapendi githeri.

Juzi msichana wa ploti tunayokaa siku hizi, huko Free Area, alikuja kununua maharagwe amejifunga leso hadi shingoni kwenye jua la mchana. Mimba yake ni ya miezi kama sita. Aliponiona namtazama alisema, "Shosho, usinitazame hivyo, tumbo hakugusa." Shosho, yaani nyanya, mimi! Nilimpa maharagwe, nikafunga jiko, tukapanda matatu hadi hospitali, moyo wa mtoto ukasikilizwa hadi jioni. Ulikuwa mzima. Hajaamua lolote kuhusu mumewe na sikumshinikiza, maana kuondoka ndiko wakati wa hatari kubwa na kunataka kupangwa: nauli, pa kulala, kitambulisho, kijitabu, mtu anayejua. Kijitabu chake cha kliniki sasa kinakaa kwangu.

Amri yangu ya mahakama niliitoa nakala tatu. Moja iko kituo cha polisi, moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtoto ili asimkabidhi kwa mtu mwingine, na moja imo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya debe la githeri, kwa sababu askari wa zamu hubadilika na kila mpya huanza kwa kuuliza karatasi iko wapi.